Vikombe Vilivyorudi Vimejaa

Baba Zuhura,

Leo asubuhi nimekamua ng'ombe, nimeyachuja maziwa, nimewasha jiko, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuangua ile sufuria ndogo iliyo msumarini. Nilikuwa nimeshaitia maziwa ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kumpikia. Niliketi kwenye kigoda nikayatazama mpaka yakafura yakamwagikia mkaa. Wewe hukupenda harufu ya maziwa yaliyoungua. Ungeita kutoka chumbani, "Mama Zuhura, umelala huko?" Hakuna aliyeita. Ndipo nikachukua kalamu.

Naandika wazi, na atakayesoma asome. Mmea haupo tena, wewe hupo tena, na mimi sina cha kuficha zaidi ya jina la yule rafiki yako wa Rangwi aliyetuletea mbegu. Hilo halitatoka kwenye kalamu yangu.

Unakumbuka tulivyodhani ugonjwa wako ni uzito wa kabichi tu? Mgongo ulipoanza kukuuma nilikulaumu kwa kupandisha matenga yaliyojaa kutoka bondeni hadi barabarani, na wewe ukanilaumu kwa kukukanda na mafuta yaliyopoa. Tulilaumiana hivyo kipupwe kizima. Kisha daktari akatuambia ugonjwa umeingia kwenye mifupa, akaandika vidonge, akasema dawa kali ya maumivu inapatikana hospitali kubwa, turudi kila itakapokwisha. Tulirudi mara moja tu. Zile kona za kuteremka kutoka Soni hadi Mombo, kila moja ulilia. Wewe, ambaye nilikuwa sijawahi kukusikia ukilia. Tulipofika nyumbani Mgwashi ukasema, "Mimi barabara ile sipiti tena nikiwa hai." Na hukupita.

Rafiki yako alikuja kukuona mahindi yakiwa yamefika magotini. Alikaa na wewe, akatoka nje amejifuta macho, akanikuta zizini.

"Shemeji, huyu halali?"

"Halali."

"Kuna kitu nitaleta. Usimvutishe, atakohoa na mbavu zile. Mpikie."

"Nimpikie kama mchicha?"

"Kama chai bwana! Mchicha tena?"

Alileta majani makavu kwenye mfuko wa unga, na mbegu kwenye kipande cha gazeti. Lakini kupika hakujua, alijua kuvuta tu. Kwa hiyo tukajifunza wenyewe, mimi jikoni na wewe kitandani.

Ya kwanza niliichemsha kwa maji, pamoja na mchaichai, nikakuletea kwenye kikombe chako cha bati chenye ua jekundu. Ulikunywa ukakunja uso.

"Mama Zuhura, haya ni maji ya kuoshea mbuzi."

Na hayakufanya kitu. Ulikesha ukiumwa kama kawaida. Lakini kesho yake, nilipokuwa naosha sufuria, niliona ukingoni pamebaki kitu kama gundi. Maji hayakuitoa, majivu hayakuitoa. Nikapaka samli kidogo kwa kidole, ikayeyuka. Nikasimama pale na sufuria mkononi nikajiambia, basi, huyu anataka mafuta. Jioni ile niliandika katika shajara yangu: "Maji hayafai. Jaribu maziwa yasiyotolewa utando." Unanijua, bila kuandika siwezi kufikiri. Ulizoea kunitania kwamba hata mvua haiamini kwamba imenyesha mpaka niiandike.

Basi nikapika kwa maziwa ya Tabu, ng'ombe wetu, yenye utando wake wote. Moto mdogo, mkaa uliokwisha kushika majivu, muda mrefu, bila kuyaacha yafure. Tangawizi ya kuua harufu, iliki ya kukudanganya ulimi. Nikachuja kwa kipande cha kanga yangu ya zamani. Rangi yake ilikuwa kama ya majani ya chai mabichi yaliyopondwa, na harufu ilikaa kwenye paa siku nzima.

Siku ile, Baba Zuhura! Ulikunywa, ukangoja, ukasema haina kitu, ukaniomba nyingine, nami kwa ujinga nikakupa. Ikaja yote kwa pamoja. Ulishika mbao za kitanda ukaniambia milima inatembea. Ukamwita Tabu kwa jina kupitia dirishani, ukamwomba radhi kwa ndama tuliyemuuza. Mimi nilikuwa nimekushika miguu, nikidhani nimekuua, na wewe unambembeleza ng'ombe. Ilipokutoka, kauli yako ya kwanza ilikuwa, "Usiniongezee hata nikikuomba." Ya pili ilikuwa, "Amekubali?"

Nilijifunza hapo kupika kidogo na kusubiri. Niliandika nilichotia, na ulivyolala. Na ikaja siku nikaandika: "Amelala mpaka adhana ya alfajiri." Nililisoma neno hilo mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kuliandika.

Nakumbuka ulivyohangaika na dini yako. Ulikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, na sasa mkeo anakupikia kitu hiki.

"Mungu atanionaje?"

"Unakunywa ili ulewe au ili ulale?"

"Ili nilale."

"Basi atakuona umelala."

Ulicheka, lakini ukaweka sharti lako. Sala kwanza. Ulisali isha kwa kuashiria kwa kichwa, umelala chali, ndipo ukanyoosha mkono kwa kikombe. Hukuwahi kulivunja sharti hilo ila mara moja, na nitaifikia.

Miezi ile ilikuwa mizuri. Naona aibu kuandika hivyo, kwamba mume wangu alikuwa anakufa na ilikuwa mizuri. Ulirudi kula. Uliniomba matunda damu na chumvi. Ulinisimulia jinsi ulivyonifuata kutoka gulioni Soni nikiwa na sare za shule, ukidai umepoteza mbuzi, wakati kwenu hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi, mmea nilioupanda ulikua kunipita mimi, na kila nikikata majani ya Tabu nilijifanya siuoni.

Kisha akaja dada yako.

Nilikuwa nimepika mapema maana mkaa ulikuwa unaisha, nikaitia ile ya kwako kwenye chupa ya chai ya bluu, nikaiacha mezani karibu yako, nikaenda mtoni kukata majani. Niliporudi na mzigo kichwani nikasikia kicheko cha mwanamke ndani ya nyumba yangu. Nikaingia. Dada Mwanaidi ameketi mkekani, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kikombe kitupu mapajani. Na wewe unanitazama kama mtoto aliyevunja sahani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba wifi yangu! Chai yako leo! Umetia nini, samli?"

"Tangawizi, dada. Umekunywa kikombe kimoja?"

"Viwili. Cha pili nilimpa huyu akakataa, ananitolea macho tu, nikammalizia."

Nilikutazama. Ukatazama paa.

Hakukaa sana kabla hajaanza. Alimnyooshea kidole jogoo aliyepita mlangoni. "Mwangalieni huyu, anatembea kama mwalimu mkuu!" Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Akalia kidogo kwa ajili ya marehemu mumewe, akacheka tena, kisha akalala palepale mkekani, na mimi nikamfunika blanketi. Hapo ndipo nilipokugeukia.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambieje dada yangu asinywe chai nyumbani kwangu?" ulisema. "Alinibeba mgongoni yule."

Na ulikuwa na haki. Hapa kwetu anayekuja kumwona mgonjwa haondoki na mdomo mkavu, na dada mkubwa ndiye kabisa, anajimiminia bila kungoja kukaribishwa. Ungemzuia kwa neno gani? Tukaanza kucheka, tukijiziba midomo tusimwamshe. Ulicheka mpaka ukashika ubavu, ukaniambia, "Nyamaza, unaniua." Sijacheka hivyo tena tangu siku ile.

Aliamka asubuhi, uso umenyooka kama wa bibi harusi. Tangu afiwe alikuwa hajalala usiku mzima. Akanibusu mikono, akaenda zake. Na alichofanya hakikuwa kibaya, Baba Zuhura, nataka nikiandike hivyo. Alishukuru. Alizitangaza shukrani zake kwa kila mtu. Kwenye foleni ya maji, gulioni, msibani, aliwaambia watu kwamba chai ya wifi yake ukiinywa unacheka, kisha unalala kama mtoto mchanga. Siku ya tatu akarudi na chupa yake mwenyewe chini ya kwapa.

"Nitilie kidogo, wifi."

Ikabidi tumwambie. Alikaa chini polepole.

"Astaghfirullah! Mmeninywesha bangi? Mimi? Bibi mwenye wajukuu?"

"Hatukukunywesha," ulisema. "Ulijimiminia."

Alikizungusha kifuniko cha chupa yake. "Na bado nililala vizuri," akasema.

Lakini maneno yalikuwa yameshapanda mlima kabla yake. Kila aliyewahi kunywa chai kwetu alianza kukumbuka siku aliyosinzia.

Mtendaji wa kijiji alikuja mchana. Kijana yule, unamjua tangu anachunga. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mama Zuhura, mtilie mgeni chai."

Nilimtilia chai ya kawaida, nyeusi, ya sukari tu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka sakafuni.

"Mama, nasikia chai ya hapa ina sifa."

Wewe ndiye uliyesema, kwa sauti ile ya zamani ya kuita watu bondeni.

"Kama una neno lisemee kwangu. Mke wangu hana habari. Huo mmea nimeupanda mimi."

Alitazama miguu yako, ilivyovimba chini ya blanketi. "Mzee, wewe hujatoka kitandani tangu masika."

"Nilipanda kabla."

Aliinamisha kichwa. Nadhani alikuonea huruma, na nadhani pia alikuwa na watu juu yake wa kuwajibu. "Ijumaa nitapita na mgambo," alisema. "Nikikuta mahindi matupu nitasalimia niende. Nikikuta kingine, nitamchukua mwenye miguu ya kutembea."

Akaaga kwa heshima. Chai yake ilibaki sakafuni, imejaa hadi ukingoni. Sijawahi kumwona mtu akiingia kwetu akatoka hivyo.

Baada yake wakawa hivyo wote. Walikuja kukuona, maana hakuna aliyesahau wajibu, lakini kila mmoja na sababu yake. "Nimefunga." "Nimetoka kunywa sasa hivi." "Tumbo hili, mama, sijui lina nini." Jirani yetu mmoja alikifunika kikombe kwa ncha ya kanga yake kama anayezuia inzi. Wewe ulikuwa umelala pale, huna cha kufanya ila kutazama, na uliona kila kikombe kilichorudi jikoni kimejaa. Hukulalamika. Ila nilipopita na sinia ulifumba macho.

Alhamisi nilikuambia nitaficha kiasi darini, kwenye pipa la mbegu za maharage.

"Ng'oa wote," ulisema.

"Na mifupa yako?"

"Mifupa yangu inakwisha karibuni. Wewe unabaki na watu hawa. Nataka wanywe chai kwangu kabla sijaondoka, ili wanywe kwako nikishaondoka."

"Mimi sitaki chai ya watu! Nataka ulale!"

"Mama Zuhura. Wakikuchukua wewe, nani atanigeuza?"

Niliung'oa. Kuuchoma kungetangaza kijiji kizima, kwa hiyo niliukatakata kwa panga nikauzika kwenye shimo la mbolea, chini ya samadi ya Tabu. Ulitaka nikusogezee mto uone kwa dirisha. Uliniona nikizika hata mabaki ya kwenye mfuko wa unga, kama ulivyoagiza. Ijumaa kijana alipita na mgambo mmoja, akazunguka mahindini, akaja mlangoni akasalimia. Nikamkaribisha chai. Alisema ana haraka.

Kilichofuata sikiandiki chote. Vidonge vilikuchefua, ukavitapika. Maumivu yakipanda ulisahau Kiswahili, ukawa unalia kwa Kishambaa tu, ukimwita mama yako aliyekufa kabla sijakujua. Nilikukanda, nikakuwekea chupa za maji moto, nikakugeuza upande huu na upande ule. Katika shajara niliacha kuandika ulivyolala, kwa kuwa hapakuwa na cha kuandika. Niliandika hali ya hewa.

Mtu mmoja hakutuacha. Dada Mwanaidi alikuja kila siku, na hakuingia ndani mara moja. "Onga mshi!" alitusalimu uani kwa Kishambaa, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kisha akaketi kibarazani na kikombe, pale ambapo kila mpita njia angemwona, akanywa kwa kelele. "Wifi, ongeza! Ile ya kwanza ilikuwa tamu!" Alikunywa mpaka nikaogopa atapasuka. Taratibu jirani mmoja akaanza kuonja, na mwingine. Nilikuletea vikombe vyao vilivyopungua uvione. Ulitikisa kichwa kukubali, umeuma meno.

Kisha ile alasiri. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni umefika dirishani, na Tabu alikuwa analia kwa kuchelewa kukamuliwa. Uliniita kwa sauti ndogo.

"Mama Zuhura. Nipikie ile."

Isha ilikuwa bado mbali. Hukutaja sala.

Nilisimama. Nilitaka kukuambia haipo, uliniona nikiizika. Sikuweza. Nikaenda jikoni, nikaangua sufuria ndogo, nikamkamua Tabu, nikaweka maziwa kwenye mkaa ulioshika majivu. Nikayapika kwa muda uleule wa zamani, bila kuyaacha yafure. Nikatia tangawizi nyingi kuliko kawaida, ikuchome koo, na iliki. Nikachuja kwa kile kipande cha kanga ingawa hapakuwa na cha kuchujwa. Machozi yangu yalikuwa yakiingia humo na sikuyazuia. Nikakuletea kwenye kikombe cha ua jekundu, nikakuinua kichwa, ukanywa funda kwa funda mpaka ukamaliza.

"Leo umeipatia," ulisema.

Nikakufuta mdomo. Mkono wako, uliokuwa umeng'ang'ania blanketi tangu Ijumaa ile, ukaachia kidole kimoja kimoja. Ukalala, Baba Zuhura. Ulilala kweli, kwa pumzi ndefu. Niliketi nikikutazama mpaka alfajiri, na adhana ilipoanza ukavuta pumzi moja zaidi, basi.

Kwenye matanga wanawake walipika chai kwa masufuria makubwa uani. Mimi nilikuwa ndani na kaniki yangu, sinia zikipita mbele yangu kwenda na kurudi. Dada Mwanaidi aliingia na sinia akaniwekea miguuni.

"Tazama," alisema. "Vikavu. Vyote." Akainua kimoja akakipindua juu chini. "Hiki ni cha mtendaji. Ameomba cha pili."

Nilitoka nikaenda zizini nikamkumbatia ng'ombe shingoni, nikalia mpaka Zuhura, aliyefika kwa mazishi, akaja kunichukua. Ulikitaka hicho na umekipata. Wanakunywa. Mpaka leo wanakuja, wanakaa, wananiambia habari za mvua na bei ya karoti, wanamaliza vikombe vyao, nami nawamiminia. Nimebaki na watu, kama ulivyotaka. Kila kikombe kinachorudi kitupu nakiona ni usiku mmoja ulioulipa wewe kwa mifupa yako. Naviosha polepole. Siwachukii, ila naviosha polepole.

Lakini ni lile neno lako linalonifanya nikae na maziwa mpaka yanamwagika. Leo umeipatia. Ulikuwa mtu mwenye akili zako hadi mwisho. Uliniona na panga, uliona samadi ikifunika, ulijua ndani ya nyumba ile hapakuwa na hata jani moja. Ungewezaje kuamini? Halafu nakumbuka mkono wako ulivyoachia, na mkono hauwezi kuigiza. Nazunguka hapo kila siku, kati ya neno lako na mkono wako.

Maziwa ya leo nimeyafuta jikoni, nimepika mengine. Nimetia tangawizi nyingi, nimetia iliki, nimechuja. Nimekunywa mwenyewe kwenye kikombe chako. Ni maziwa tu, Baba Zuhura. Matamu, yanachoma koo, hayafanyi kitu.

Kama hukujua, nisamehe kwa kukudanganya saa ile. Kama ulijua, basi ulikunywa ili mimi nilale, na sijalala bado.

Mimi mkeo,
Mama Zuhura